Nani Anabaki Kazini? Kukisoma An Unquiet Mind kama Kitabu cha Ajira

Kila ninapokiona An Unquiet Mind kikitajwa mtandaoni, kinatajwa kama kitabu cha wazimu. Watu wanazipenda zile kurasa za kupanda: mwandishi halali, mawazo yanakimbia, hela zinamwagika madukani. Sawa, zipo, na zimeandikwa vizuri kweli. Ila mimi naishi na baipola tangu nikiwa na miaka 24, na nimefanya kazi katika vyumba viwili vya habari Dar es Salaam, kwa hiyo jicho langu linakwenda kwingine. Nikikifunga, ninachobaki nacho ni maswali ya kazi: mtu anaipataje, anaishikaje, na nani anamshikia pale yeye mwenyewe anapokuwa hawezi.

Kay Redfield Jamison ni mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1974 aliajiriwa kufundisha chuo kikuu cha UCLA, na ndani ya miezi michache tu akawa amepanda kabisa. Ananunua hata vifaa vya kutibu watu walioumwa na nyoka, vingi, kana kwamba Los Angeles nzima inavamiwa. Baadaye anashuka, sonona inamkalia, na anajaribu kujiua kwa kumeza lithiamu nyingi. Sasa mtu wa namna hiyo, kwa hesabu zetu za mtaani, kazi si imeshaisha? Haikuisha. Alibaki, akaanzisha kliniki ya magonjwa ya hisia palepale chuoni, akapata ajira ya kudumu, na mwaka 1990 akatoa pamoja na Frederick Goodwin kitabu kikubwa ambacho madaktari wanasomea ugonjwa huohuo. Hadharani alikuja kusema mwaka 1995, kwa kitabu hiki.

Ukiwauliza wasomaji wengi alibakije, watajibu: dawa. Na kitabu kinawapa haki ya kusema hivyo, maana Jamison hachoki kueleza kwamba bila lithiamu asingekuwa hai. Lakini hebu tusome ushahidi wote aliouweka mezani. Kaka yake mchumi anakuja, anakaa naye kupanga lundo la risiti, kisha anakopa ili kulipa madeni yake. Daktari wake ni yuleyule mmoja kwa miaka. Marafiki wanamwangalia nyumbani zamu kwa zamu. Baadaye, akiwa Johns Hopkins, anamwambia mkuu wake wa idara kuhusu ugonjwa, na kumbe mzee anajua siku nyingi wala hana mpango wa kumwondoa. Mimi nahesabu hivi: kidonge kimoja, na watu wengi. Kitabu chenyewe kinaonyesha hivyo hata pale mwandishi wake anapokisifia zaidi kidonge.

Kuna kivuli kingine ambacho wahakiki wanakipita haraka, nacho ni baba yake. Alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa katika jeshi la anga, mtu wa furaha kubwa na hasira kubwa, aliyehamia California kwa kazi mpya. Kazi ile ikampotea, pombe ikachukua nafasi. Hali za moyo za baba na binti zinafanana sana, ila mmoja ameshikwa na mwingine ameachiwa. Laiti Jamison angeukalia ulinganisho huu kwa kurasa ishirini, tungekuwa na kitabu kikali zaidi. Anautaja kwa huzuni, halafu anaendelea.

Kuhusu lithiamu nampa heshima zote, kwa sababu hapa hajaficha gharama. Kwa miaka mingi, kwa kipimo kikubwa alichokuwa akimeza, alishindwa kusoma kitabu kizito mwanzo hadi mwisho. Fikiria: dawa inayokubakisha kazini inakunyang'anya chombo cha kazi. Mwalimu wa chuo asiyeweza kusoma! Mwandishi wa habari anayetetemeka mkono huku amebeba daftari anaielewa sura ile bila kutafsiriwa. Hapo ndipo nilipokipenda kitabu.

Mwishoni ndipo tunapoachana kidogo. Anajiuliza kama angeuchagua ugonjwa huu angepewa hiari, na anajibu kwamba, mradi lithiamu ipo na inamfaa, angeuchagua. Jibu ni zuri kimaandishi. Lakini ni jibu la mtu mwenye ofisi, mwenye kaka anayekopesheka. Anayelipwa kwa kila habari inayotoka, akikaa kitandani wiki tatu, swali hilo haliulizwi hivyo.

Ndiyo maana napenda kukisoma pamoja na Marbles cha Ellen Forney, kumbukumbu ya michoro iliyotoka 2012. Forney ni mchora katuni, aliambiwa ana baipola mwaka 1998 akikaribia miaka 30. Hofu yake kubwa ni kwamba dawa itaua ubunifu, yaani itaua riziki, maana kwake vitu hivyo viwili ni kimoja. Anaorodhesha wasanii wakubwa wanaodhaniwa walikuwa na maradhi haya, kama mtu anayetafuta ndugu. Nguvu ya kitabu ni ile michoro aliyoichora akiwa ameshuka kabisa, mistari michache, hakuna rangi. Kazi inaendelea hata pale ambapo hakuna mtu atakayeinunua.

Sasa turudi kwetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu mshahara. Inakataza pia ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Kwenye karatasi, safi. Ila ili ulipwe unahitaji cheti cha daktari, na cheti chenye mhuri wa kliniki ya afya ya akili kinaiambia ofisi kile ulichokuwa ukikificha. Na korespondenti, ambaye hana mkataba wa ajira, hata pa kukipeleka hana. Ofisi moja niliyofanyia kazi ilinipanga zamu za usiku mfululizo baada ya mimi kueleza kwamba kukosa usingizi ndiko kunakonipandisha. Jibu nililopewa: kila mtu anachoka.

Fasihi yetu hapa inatuacha na njaa. Katika Mashetani ya Ebrahim Hussein (1971), Kitaru anaugua, na ugonjwa wake umebeba nchi nzima baada ya uhuru. Katika Kichwamaji cha Kezilahabi (1974), Kazimoto anaangamia na swali la kizazi chake. Ni kazi kubwa, siwezi kuzidogosha. Lakini humo akili inayougua ni fumbo la jambo kubwa zaidi. Sijamkuta mhusika anayemeza dawa saa tatu usiku, akapanda daladala asubuhi kwenda kazini, akiomba mtu asigundue. Nje ya vitabu naye ana majina tayari: dishi limeyumba, wa Mirembe huyo.

Mtu huyo yupo, na wengine wenu mnaosoma hapa ndio yeye. Msomeni Jamison, ila msiishie kwenye kurasa za kupanda. Nendeni kwenye risiti, kwenye mkopo wa kaka, kwenye mazungumzo na mkuu wa idara. Halafu mwenye kalamu atuandikie ya kwetu: riwaya ambayo mhusika anaugua, anarudi kazini Jumatatu, na tunaona nani alimtunzia kiti.