Hasira za McEnroe, Kimya cha Serena

Sisi tunaoishi Uingereza tumeonyeshwa picha zile mara zisizohesabika: Wimbledon 1981, raundi ya kwanza, John McEnroe akimfokea mwamuzi Edward James kwamba mpira uligusa mstari, chaki imeruka, uwanja mzima umeiona. Watu hucheka. McEnroe mwenyewe ameigeuza hasira ile kuwa mtaji, hadi kwenye matangazo ya biashara. Swali la msingi, yaani mpira ulianguka wapi, halimshughulishi mtu tena.

Alikuwa mkorofi, hilo halina ubishi. Alitozwa faini, na hata baada ya kumshinda Björn Borg katika fainali, klabu ya All England haikumpa mwaka ule uanachama ambao bingwa hupewa. Lakini wanaosema kwamba waamuzi walikuwa wanyonge wa watu watupu, na waikumbuke US Open ya 1979. Usiku ule McEnroe ndiye aliyekuwa mpole! Ilie Nastase alichelewesha mchezo kwa makusudi, mwamuzi Frank Hammond akamnyang'anya pointi, kisha gemu nzima. Watazamaji wakarusha vikombe vya bia. Hammond akamtoa Nastase mchezoni. Ndipo msimamizi wa mashindano, Mike Blanchard, alipomshusha Hammond kitini, akapanda yeye, na Nastase akarudishwa. Sheria ilikuwa sahihi. Ikatenguliwa kwa sababu ya zogo. Nastase alishindwa hata hivyo, lakini wachezaji walikwisha kuona kelele zinanunua nini.

Sasa linganisheni na robo fainali ya 2004 huko huko New York. Serena Williams alipiga mpira ndani kabisa, mwamuzi wa mstari akauona hivyo, lakini Mariana Alves kitini akautengua na kumpa pointi Jennifer Capriati. Serena alikwenda, akaonyesha mahali mpira ulipoangukia, akabishana, akarudi kucheza. Akapoteza seti ile na mechi. Alves hakupangiwa mechi nyingine katika mashindano yale, waandaaji wakaomba radhi, na matokeo yakabaki yale yale. Sisi tuliowahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi ya ugenini tunaijua radhi ya namna hiyo. Mashine ya kukagua mistari iliingia US Open mwaka 2006, miaka miwili baadaye.

Mwaka 2025 Wimbledon iliondoa waamuzi wa mistari wote. Katika raundi ya nne, Anastasia Pavlyuchenkova akicheza na Mwingereza Sonay Kartal, mtambo ulikuwa umezimwa kimakosa upande mmoja wa uwanja. Mpira wa Kartal ukatoka nje waziwazi, mwamuzi akaamuru pointi irudiwe, na Pavlyuchenkova akaipoteza gemu ile. Alilalamika kwamba ameibiwa, akaendelea kucheza, akashinda.