Wekundu Ndani ya Kinundu

Karanga zikishatoa maua ya manjano katika tambarare ya Ruzizi, Kivu ya Kusini, ng'oa shina moja na ukung'ute udongo taratibu. Mizizini utaona vinundu vidogo vya mviringo, vimejipanga pale mzizi mwembamba unapochipuka kutoka kwa mnene. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe, kazi haijaanza au haipo. Kikiwa kijani, kimezeeka.

Wekundu huo ndio kilele cha ufundi wote. Hewa yetu ni nitrojeni kwa asilimia 78, ila mmea hauwezi kuitumia ilivyo, kwa kuwa atomu zake mbili zimeng'ang'aniana mno. Viwanda vya mbolea huzitenganisha kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 na kwa shinikizo kubwa. Bakteria waitwao rizobia hufanya hivyo katika udongo wa vuguvugu, kwa kimeng'enya kiitwacho nitrojenasi. Tabu ni kwamba oksijeni hukiharibu kimeng'enya hicho, na rizobia hawawezi kupata nguvu ya kazi bila oksijeni.

Mmea umelitatua fumbo hilo kwa kutengeneza hemoglobini, ndugu wa ile iliyo katika damu yetu, na ndiyo inayotia ule wekundu. Huinasa oksijeni na kuwapa rizobia kidogo kidogo, kama mama anayemnywesha mgonjwa uji kwa kijiko: asife njaa, asipaliwe.

Hata kuingia kuna adabu yake. Mzizi wa maharagi hutoa kemikali ya kuita, rizobia hujibu kwa yao, kisha kinyweleo cha mzizi hujikunja na kuwafungulia njia. Kwa karanga, hupenya kwenye nyufa ambako mizizi ya pembeni hutokea. Ndiyo maana vinundu hukaa hapo. Wakishaingia hulipwa chakula kitokanacho na sukari ya mmea. Wavivu hawavumiliwi: soja imeonekana ikivipunguzia oksijeni vinundu visivyotoa kitu.

Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walieleza kazi ya vinundu mwaka 1886. Mholanzi Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe mwaka 1888. Kuanzia 2009 mradi wa N2Africa ulifanya kazi na wakulima wa Kivu ya Kusini kuhusu bakteria hao. Karanga hupokea rizobia wa aina nyingi waliomo udongoni, lakini soja huchagua. Kwa hiyo mbegu zake hupakwa unga wenye bakteria wanaoifaa kabla ya kupandwa.

Mavuno nayo yanataka busara. Nitrojeni nyingi huenda na punje, na iliyobaki imo zaidi kwenye majani na mashina. Ukiyachoma, sehemu kubwa hurudi hewani ilikotoka, na jasho lote la rizobia limepotea. Yatandaze shambani au yafukie, mahindi ya msimu ujao yale.