Uzio Usioficha Maji

Watu wa kusini mwa Nyanza wanajua kuzungushia boma tangu zamani, na ushahidi wake bado umesimama. Thimlich Ohinga, katika kaunti ya Migori, kuna kuta za mawe zinazokadiriwa kujengwa karne ya 16, nyingine zikipanda hadi karibu mita nne, bila udongo wala chokaa ya kushikilia mawe. Waashi waliujenga uso wa nje peke yake na wa ndani peke yake, kisha wakashindilia mawe madogo katikati hadi nyuso zote mbili zikafungana. UNESCO ilipaingiza mahali hapo katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Aliyejenga pale alilazimika kulipima kila jiwe kwa macho na mkono kabla ya kuliweka, na kulirudisha chini likikataa kukaa.

Basi mtu wa Kendu Bay, kando ya Ziwa Victoria, akichimba bwawa la kuogelea nyumbani kwake, na wanaofanya hivyo bado ni wachache, ungedhani hana haja ya kutafuta mbali. Mawe yapo, na mnyaa, ambao Waluo huuita ojuok, umezunguka maboma tangu enzi za mababu. Lakini uzio wa bwawa una kazi nyingine. Boma huzungushiwa ili wa nje asiingie wala asichungulie. Bwawa huzungushiwa kwa ajili ya mtoto wa nyumba hiyo hiyo, hasa wa mwaka mmoja hadi minne, umri ambao Shirika la Afya Duniani linasema ndio unaoongoza duniani kwa kiwango cha vifo vya kuzama. Mamake ayaone maji akiwa barazani, na mtoto asiyafikie.

Kwa kipimo hicho, vitu vingi tunavyovipenda vinaanguka. Ukuta wa mawe makavu unaziba macho, na mtoto anaupanda kama ngazi. Mnyaa ukivunjwa kitawi hutoa utomvu mweupe unaochoma ngozi na kuumiza vibaya macho. Kuuweka mahali ambapo watoto wanakimbia wakiwa wamelowa ni hatari juu ya hatari. Seng'enge ya wavu ni rahisi na inaonyesha maji, ila tundu zake zikiwa pana kidole cha mguu kinapata pa kukanyaga. Nguzo za miti zinaliwa na mchwa. Kioo kinapendeza, lakini bei yake ni ya wenye nazo na kinataka kufutwa kila siku.

Kinachobaki ni chuma cha fito za wima, na hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi wa kuchomelea.

Nilimtazama mmoja akitengeneza uzio wa namna hiyo kando ya barabara ya kuelekea Homa Bay. Mwenye nyumba alikuwa amekuja kuona kazi, akahesabu fito, akauliza kama haziwezi kupunguzwa. Fundi hakubishana. Alichukua kipande cha mbao alichokuwa amekikata upana wa sentimita tisa, akakisimamisha kati ya fito mbili. "Mama, hiki ndicho kichwa cha mtoto. Kikipita, na yeye atapita." Kipande hicho ndicho rula yake. Anakiweka kati ya kila ufito na unaofuata, kwa hiyo nafasi ya kwanza na ya mwisho zinalingana. Kanuni za Australia, nchi iliyoshughulikia jambo hili kwa miaka mingi, zinataka uzio usiopungua mita 1.2 kwenda juu na nafasi zisizozidi sentimita kumi. Mbao ya fundi imejiwekea akiba ya sentimita moja.

Hachomelei ufito mmoja akaumaliza. Anagusa nukta huku, anaruka upande wa pili, anagusa nukta kule, kwa sababu moto unavuta chuma na fremu nzima inaweza kupinda. Zikishashikana zote ndipo anarudi kuzijaza. Vyuma vya kulala ni viwili tu, kimoja chini kabisa na kimoja juu kabisa, maana cha katikati kingekuwa pa kukanyaga. Kisha anasaga kila kiungo hadi kiganja kipite bila kukwaruzwa. Ikiwa chuma kimechovywa zinki, pale palipochomelewa zinki imeungua na kuondoka kwa moshi mweupe ambao si wa kuvutwa. Anapapaka tena rangi ya zinki, la sivyo kutu itaanzia hapo hapo. Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi ya bahari inayotafuna madirisha ya Mombasa, lakini klorini inayorushwa na waogaji inatosha kufanya kazi hiyo polepole. Ncha za mabomba anaziziba zote, maji ya mvua yasiingie na kukaa ndani.

Kusimamisha nguzo kunataka kujua ardhi. Udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba masika na kupasuka kiangazi, na nguzo iliyochimbiwa kijuujuu huinama baada ya mvua mbili. Fundi anayejali huchimba hadi aupite udongo unaopasuka, hushika timazi hadi zege ianze kukaza, na huuinua uso wa zege kidogo kuzunguka chuma, maji yasituame kwenye mguu wa nguzo.

Lango ndilo hunichukua muda mrefu zaidi kulitazama. Lazima lifungukie nje, mbali na maji, ili mtoto anayelisukuma akiwa nje azidi kulifunga. Bawaba zake zina springi, na komeo liko juu, karibu mita moja na nusu, mkono mdogo usipofika. Fundi hulifungua wazi kabisa na kuliachia, halafu nusu, halafu upana wa kidole tu, na hapo ndipo springi nyingi hushindwa, kwa kuwa lango halina mbio za kulisukuma komeo. Likigoma hapo, analegeza bawaba, anazikaza upya, anaanza tena toka mwanzo. Siku ya kukabidhi kazi humwonyesha mwenye nyumba jaribio hilo la kidole, amwachie alirudie mwenyewe kila mwezi, hasa udongo ukishaanza kuvimba.