JICHO LA NYUMA YA MRUSHAJI: KAMERA KAMA MSIMULIZI KATIKA MATANGAZO YA BESIBOLI

0. Utangulizi

Mhakiki wa fasihi anapoishika riwaya, miongoni mwa maswali yake ya awali ni kuuliza ni nani anayesimulia na amesimama wapi. Swali hilo ni nadra kuulizwa mbele ya televisheni, kwa kuwa wengi huidhania kuwa ni dirisha tu: hufunguliwa, na yaliyoko nje yakaonekana. Hata hivyo, kamera nayo ni msimulizi. Huchagua mahali pa kusimama, huchagua la kuonyesha na la kuacha, na kwa uchaguzi huo humwekea mtazamaji misingi ya hukumu zake.

Makala haya yanahakiki usimulizi huo katika matangazo ya besiboli nchini Marekani. Dai lake ni kwamba kila pembe ya kamera ina swali lake inaloweza kulijibu kwa uaminifu, na kwamba upotofu huanza pale mtazamaji anapoitaka ijibu swali jingine bila kujua kwamba amefanya hivyo. Besiboli inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu uwanja wake hauna upande mmoja unaoonyesha yote. Katika mpira wa miguu, kamera iliyowekwa juu, mkabala na mstari wa kati, huyafikia magoli yote mawili kwa kugeuka tu. Uwanja wa besiboli, kinyume chake, huanzia kwenye kona moja na kutanuka kama upepeo. Anayetazama kona hiyo kwa karibu huupoteza uwanja, na anayeutazama uwanja mzima huipoteza kona.

1. Uwanja na wahusika wake

Mrushaji husimama juu ya kichuguu chenye kimo cha sentimita 25. Mbele yake, umbali wa mita 18.44, kimelazwa ardhini kibao cheupe chenye upana wa sentimita 43. Mpigaji husimama kando ya kibao akiwa na gongo. Nyuma yake huchutama mdakaji, ambaye ni mwenzi wa mrushaji, na nyuma ya mdakaji husimama mwamuzi. Mpira ukipita juu ya kibao, usiwe chini ya magoti ya mpigaji wala juu ya kifua chake, naye asiupige, mwamuzi huuhesabu kuwa straiki. Straiki tatu humtoa mpigaji. Ukipita nje ya eneo hilo naye asijaribu kuupiga, huhesabiwa kuwa boli, na boli nne humpa mpigaji kituo cha kwanza bila jasho. Mpira unaokwenda kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa huimaliza safari hiyo kabla ya nusu sekunde kutimia. Katika muda huo mfupi ndimo hukumu nyingi za mchezo zinamotolewa.

2. Kutoka kiti cha mtazamaji hadi mahali pasipo na kiti

Mchezo wa kwanza wa besiboli kuonyeshwa kwenye televisheni ulikuwa wa vyuo vikuu vya Columbia na Princeton, jijini New York, tarehe 17 Mei 1939. Kamera ilikuwa moja, upande wa kituo cha tatu. Tarehe 26 Agosti mwaka huohuo ilionyeshwa michezo ya ligi kuu kutoka Ebbets Field, Brooklyn, kwa kamera mbili. Mtangazaji Red Barber hakuwa na kioo cha kumwonyesha picha iliyokuwa ikirushwa. Ilimbidi akisie ni kamera ipi inayofanya kazi na imeelekea wapi. Msimulizi wa maneno na msimulizi wa picha walikuwa bado hawajajuana.

Kamera hizo za mwanzo zilikuwa na unyenyekevu fulani: ziliwekwa mahali ambapo hata mwenye tiketi angeweza kuketi. Katika miaka ya 1950 unyenyekevu huo uliachwa. Lenzi ndefu ziliwezesha kamera kuwekwa mwisho wa uwanja, nyuma ya mrushaji, umbali wa mita 120 au zaidi kutoka kwenye kibao, na kuwaleta karibu mrushaji, mpigaji, mdakaji na mwamuzi ndani ya picha moja. Waongozaji kama Harry Coyle wa NBC walishiriki katika kuijenga sarufi hiyo mpya ya picha, na kufikia miaka ya 1970 pembe hiyo ilikuwa imekwisha kuwa picha kuu ya mchezo. Leo mtazamaji aliyeizoea akienda uwanjani hushangaa kwamba hakuna tiketi inayomfikisha pale.

3. Fani ya pembe hiyo na maudhui yake

Haifai kuibeza pembe hii, kwa maana ina uzuri wake. Uso wa mpigaji huonekana. Vidole vya mdakaji vinavyompa mrushaji ishara za siri huonekana. Mpira huonekana ukijikunja na kuzama. Lenzi ndefu pia huufuta umbali. Mtu aliyesimama mita 5 nyuma ya mrushaji angemwona mrushaji mkubwa mara nne na nusu hivi kuliko mdakaji. Kutoka mita 120, tofauti hiyo hushuka hadi chini ya moja ya tano. Kwa hiyo wapinzani wawili waliotengwa na mita 18 huonekana kama watu wanaotazamana chumbani. Fani hii inazaa maudhui: besiboli inakuwa tamthilia ya watu wawili.

Gharama yake ni kuwapoteza wahusika wengine. Timu inayolinda ina wachezaji tisa, na katika picha hii aghalabu saba hawamo. Mpira ukipigwa, mwongozaji hulazimika kuruka hadi kamera ya upande wa pili, iliyo juu nyuma ya kibao, na mlinzi huingia katika simulizi akiwa tayari anakimbia. Mtazamaji hakuona alikuwa amesimama wapi. Matokeo yake ni dhuluma kwa mlinzi mwenye akili. Aliyemsoma mpigaji mapema, akajisogeza hatua sita kabla ya mpira kurushwa, huudaka kwa utulivu na kuonekana kwamba hakufanya kazi yoyote. Aliyechelewa kuondoka, akajitupa chini na kuudaka kwa shida, huonekana shujaa na kurudiwa mara tatu kwa mwendo wa pole. Pembe hii hulipa jasho na kuinyima busara ujira wake, kwa kuwa busara ilitendeka nje ya picha.

4. Mshazari unaojificha

Tatizo kubwa zaidi ni la mwelekeo. Kamera ikiwekwa kwenye mstari mmoja na mrushaji na kibao, kwa kimo cha kawaida, mwili wa mrushaji huziba njia. Kwa sababu hiyo kamera kuu husogezwa kando, kwa kawaida upande wa kushoto wa uwanja kama anavyouona mpigaji. Ndiyo maana katika picha mrushaji yuko upande wa kushoto na kibao upande wa kulia, ilhali uwanjani wametazamana uso kwa uso.

Athari ya mshazari huo inaweza kukadiriwa. Iwapo kamera imekaa nyuzi 10 nje ya mstari, na glavu ya mdakaji iko mita 1 nyuma ya kibao, mpira unaodakwa utaonekana umehama sentimita 18 hivi kuelekea kulia. Kipenyo cha mpira wenyewe ni takriban sentimita 7. Mtazamaji anayeamua kwa kuangalia mahali glavu ilipofungia anaweza, basi, kukosea kwa upana wa mipira miwili na zaidi, huku akiapa kwamba ameona kwa macho yake. Hasemi uongo: ameona kweli, ila ameona kutoka kando.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 vituo vya televisheni vimechora juu ya picha hiyo mraba unaowakilisha eneo la straiki. Vipimo vya mpira hutoka kwa kamera nyingine mahususi, si kwa kamera ya mshazari. Lakini mraba na picha vikiunganishwa, picha hupewa heshima ya kipimo. Zaidi ya hayo, eneo la straiki kwa mujibu wa sheria ni umbo lenye kina, lililosimama juu ya kibao kizima, na mpira uliojikunja unaweza kuukwepa uso wake wa mbele ukaingia nyuma. Mraba bapa hauwezi kulisimulia hilo. Nyumba nzima hata hivyo humzomea mwamuzi, mtu aliyekuwa nyuma ya kibao chenyewe. Mwamuzi hukosea, na ligi imelikiri hilo: mwaka 2025 iliidhinisha utaratibu wa timu kukata rufaa ya straiki na boli kwa mitambo ya vipimo, kuanzia msimu wa 2026. Lakini kosa la mwamuzi linalothibitishwa na kipimo ni jambo moja, na kosa linalotungwa na mshazari ni jambo jingine.

5. Pembe zilizolijua swali lake

Zipo picha zilizosimama panapostahili. Tarehe 2 Juni 2010, Armando Galarraga wa Detroit Tigers alikuwa amewatoa wapigaji 26 wa Cleveland mfululizo, na alibakiwa na mmoja tu kuukamilisha mchezo usio na doa. Mwamuzi Jim Joyce akaamua kwamba mkimbiaji wa 27 aliwahi kituo cha kwanza. Picha za marudio zilionyesha kwamba mpira ulitangulia, na Joyce mwenyewe aliomba radhi. Hapa swali lilikuwa la wakati, yaani kipi kilitangulia, na kamera ililijibu. Mwaka 2014 ligi ilipanua matumizi ya marudio hadi kwenye maamuzi ya aina hiyo.

Mfano wa pili ni wa Oktoba 1975, mchezo wa sita wa fainali kati ya Boston Red Sox na Cincinnati Reds. Usiku wa manane ulikuwa umepita, zamu ya 12, Carlton Fisk alipoupiga mpira juu kuelekea nguzo ya mpaka ya kushoto. Kamera ya NBC iliyokuwa ndani ya ubao wa matokeo haikuufuata mpira. Simulizi iliyoenea husema kwamba panya alikuwa amemkaribia mpiga picha. Ilibaki kwa Fisk, aliyekuwa akirukaruka kando huku akiusukuma mpira hewani kwa mikono, asiweze kuugusa. Picha hiyo haisemi mpira uliangukia wapi. Inajibu swali jingine, la hali ya mtu ambaye kazi yake imekwisha na majaliwa yake yako angani. Cincinnati ndiyo iliyotwaa ubingwa katika mchezo wa saba, lakini picha ya Fisk imeishi kuliko ushindi huo.

6. Jicho lililoibwa

Kwamba pembe ya nyuma ya mrushaji si dirisha tu kulithibitishwa na Houston Astros, mabingwa wa mwaka 2017. Ripoti ya ligi ya Januari 2020 ilieleza kwamba katika msimu huo wachezaji walitazama kwenye kioo picha ya kamera ya mwisho wa uwanja, wakasoma ishara za mdakaji wa timu pinzani, kisha wakagonga pipa la taka kumjulisha mpigaji mpira wa aina gani unakuja. Klabu ilitozwa faini ya dola milioni 5, na kocha pamoja na meneja mkuu wakasimamishwa mwaka mmoja. Uhalifu huo ulitumia uwezo uleule ambao mtazamaji amepewa kila jioni: kuyaona yasiyokusudiwa kuonwa na mpigaji. Msimulizi anayejua siri za wahusika wote havunji hadithi, maadamu hawanong'onezi wahusika wenyewe.

7. Hitimisho

Uhakiki huu haudai kwamba pembe ya nyuma ya mrushaji iondolewe. Unadai kwamba isimulie kwa haki. Vituo vichache vimejaribu kamera ya katikati kabisa, iliyoinuliwa juu ya kichwa cha mrushaji, nayo hupunguza upotofu wa upande. Picha fupi ya walinzi wote kabla ya mpira kurushwa ingemrudishia mlinzi sifa yake. Mraba ungeweza kuachwa hadi wakati wa marudio, ukaonyeshwa pamoja na kina chake.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, somo ni la kutumia zana anazozijua mahali asipozoea kuzitumia. Anayehoji mtazamo wa msimulizi katika riwaya ana kila sababu ya kuhoji mtazamo wa kamera katika mchezo, katika habari na katika kikao cha mahakama kinachorushwa hewani. Kabla ya kuuliza kama mwamuzi alikosea, aulize kwanza jicho lililomwonyesha kosa hilo lilikuwa limewekwa wapi.