Msomaji wa Uchafu wa Kabureta

Mvua ndefu zikianza Nairobi, mwishoni mwa Machi, nyasi za Eastlands huamka zote kwa pamoja, na mashine za kuzikata hugoma zote kwa pamoja. Zimelala stoo tangu mvua fupi zilipoisha, petroli ya Desemba ikiwa bado ndani ya tangi. Ndipo zinapoanza kufika Kariobangi Light Industries, nyingine zikisukumwa kwa magurudumu yake yenyewe, nyingine zikiwa zimefungwa kwa raba nyuma ya pikipiki. Asiyeijua Eastlands huenda akauliza nyasi hizo ziko wapi. Ziko Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa mpango wa bustani, nyumba zikizunguka viwanja vya wazi. Ziko kwenye shule na makanisa ya Makadara. Ziko hata Buruburu, kwa wale wachache ambao hawajafunika kile kiwanja cha mbele kwa kabro wala kukijengea vyumba vya kupangisha.

Fundi ninayependa kumtazama akifanya kazi ana banda la mabati lisilo na mlango, meza iliyokunywa oili mpaka ikawa nyeusi, na kifuniko cheupe cha ndoo ya rangi. Kifuniko hicho ndicho kifaa chake cha kwanza. Kabla hajagusa plagi, kabla hajavuta kamba, hulegeza boliti iliyo chini ya kabureta kwa spana namba 10, akakipokea kikombe chake cha mafuta kwa kiganja na kukimimina taratibu kwenye ule weupe. Mafundi wengi hapo jirani hukipangusa kikombe kwa kitambaa mara moja na kuendelea. Yeye akimwona mwanafunzi anapangusa mapema humgonga mkono.

Siku moja kijana wa kanisa fulani alileta mashine ya kusukuma, ya injini ya plagi moja.

"Fundi, hii imekataa kabisa. Nimevuta kamba mpaka bega linauma."

"Mafuta uliweka lini, kijana wangu?"

"Ni ile tu ya mwaka jana, ilibaki kwa jerikeni."

"Na jerikeni ulifunga?"

"Kifuniko kilipotea, mzee. Tuliweka nailoni."

Mzee hakusema neno. Alikuwa ameinamia kifuniko cha ndoo. Humo mlikuwa na kimiminika ambacho hakikutanda kama petroli. Kilijikusanya kwenye matone yenye ukungu. Kandokando ya kikombe palikuwa na unga mweupe ulioganda, na boliti ya shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Unga mweupe ni maji yakiila aloi ya kabureta. Hilo halikumshangaza. Kijani kingi kiasi kile ndicho kilichomfanya ainue kichwa na kumwambia kijana arudi kanisani akalete jerikeni lenyewe.

Ili kuelewa alichokuwa anashuku lazima turudi nyuma kidogo, hadi siku alipokuwa yeye ndiye mwanafunzi wa kugongwa mkono. Kuanzia 1983 hadi 1993, petroli iliyouzwa Nairobi ilichanganywa na ethanoli, takriban asilimia 10, iliyotengenezwa kwa molasi ya miwa katika kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company kule Muhoroni. Ikaitwa gasoholi. Zimbabwe na Malawi zilikuwa zimeanza za kwao muda mfupi kabla, zote zikitafuta njia ya kupunguza mafuta ya kununuliwa kwa dola. Huku kwetu mpango ulikufa, na ingawa kuurudisha kumetangazwa zaidi ya mara moja, mafundi wa leo walio chini ya miaka 45 hawajui gasoholi ilivyonuka. Huyu wetu anajua. Jinsi anavyofanya kazi hadi sasa ni mazoea ya miaka ile kumi.

Ethanoli hupenda maji. Petroli tupu ikiingiwa na maji huyakataa, nayo huzama chini ya tangi yakakaa pale yakionekana. Petroli yenye ethanoli huyakaribisha na kuyaficha: lita moja ya mchanganyiko wa asilimia 10 huweza kubeba maji kama kijiko kimoja cha chai bila kubadilika sura. Yakizidi hapo, au usiku ukiwa wa baridi, alkoholi huiacha petroli na kuambatana na maji, vyote viwili vikashuka chini kwa pamoja. Na bomba la kwenda kwenye kabureta limetoboliwa wapi? Chini ya tangi. Injini inaletewa maji yenye pombe, huku petroli ikielea juu, nayo imepungukiwa na okteni kwa sababu alkoholi iliyokuwa ikiipandisha imeondoka.

Gari la kisasa lina kihisio kwenye ekzosi na kompyuta ya kurekebisha kipimo cha mafuta kila sekunde. Mashine ya kukata nyasi haina chochote cha namna hiyo. Ina jeti, kipande cha shaba chenye tundu lisilofika milimita moja, na kinachopita hapo ndicho hicho hicho leo na kesho, kiwe mafuta mazuri au mabaya. Ethanoli ina oksijeni ndani yake, kwa hiyo injini iliyopimiwa petroli tupu hujikuta hewa imezidi mafuta. Hupata moto kupita kiasi, plagi ikawa nyeupe, mngurumo ukapanda na kushuka bila kutulia, na haitulii mpaka uvute choki nusu. Fundi huyo hutambua sauti hiyo mashine ikiwa bado iko barabarani. Akili ambayo gari hubeba kwenye kompyuta, mashine hii haina budi kuiazima kwa mtu, na mtu mwenyewe ndiye huyu aliyeketi juu ya kreti ya soda.

Jerikeni lilipofika alichukua chupa ya maji ya plastiki iliyo wazi, akatia maji kiasi cha vidole viwili na kuchora mstari kwa kalamu ya wino mzito. Juu yake akajaza mafuta kwa uangalifu, akafunga, akatikisa, akaiweka mezani. Alingoja. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, kwa kuwa hakuna fundi mwingine hapo mwenye subira nayo. Maji yangebaki kwenye mstari, mafuta yangekuwa hayana alkoholi. Yalipotulia, tabaka la chini lilikuwa limepanda kidole kizima juu ya mstari, kwa sababu maji yalikuwa yameinyang'anya petroli pombe yake.

"Nani aliongeza kitu humu?"

Kijana akajikuna shingo. Desemba petroli ilikuwa imepungua, mtu wa jikoni akaongezea ethanoli ya kupikia, ile ya majiko iliyokuwa imeenea kwenye maduka ya mitaani. Si inawaka pia?

Inawaka, ndiyo. Lakini ethanoli ya jiko inakuja na maji yake tangu dukani. Ningekuwa mimi ningemfokea kijana. Mzee alimweleza kwa upole, kisha akamwonyesha chupa nyingine mbili zilizokuwa rafuni. Moja ilikuwa na petroli iliyozeeka, rangi ya chai ya rangi, inayonuka vanishi. Hiyo huacha gundi ya kahawia. Nyingine ilichanganywa na mafuta taa. Mchezo huo ulishamiri sana hapa nchini hadi serikali, Septemba 2018, ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili yasiwe rahisi kuliko petroli na dizeli. Ya mafuta taa anaitambua kwa vidole: petroli hukauka upesi na kuacha ubaridi, mafuta taa hubaki yakiteleza.

Ndipo akaanza kuosha. Bisibisi anayotumia kwa jeti ameinoa mwenyewe ilingane na mfereji wake, kwani shaba ni laini na bisibisi isiyokaa sawa huila kichwa. Jeti ikitoka, nyuma yake kuna mrija wa shaba wenye vitundu ubavuni, unaochanganya hewa na mafuta; wengi hawajui kwamba nao hutoka, hivyo huuacha umeziba na kumlaumu aliyetengeneza mashine. Yeye aliugonga polepole kwa mpini wa bisibisi mpaka ukadondoka kiganjani. Kuzibua alitumia uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Hatumii chuma hata siku moja. Chuma hupanua tundu, na upana ukiongezeka kwa sehemu ndogo tu ya milimita, mashine itakula mafuta na kutoa moshi maisha yake yote. Alizungusha uzi, akapuliza kwa kompresa ya jirani anayeziba pancha, akaielekeza jeti angani na kuchungulia. Akarudia. Mara ya tatu mwanga ulikuwa duara kamili.

Mipira ndiyo iliyomchukua muda. Ethanoli huvimbisha raba za zamani, kisha zikikauka hukakamaa. Ncha ya sindano inayofunga mafuta ilikuwa imepoteza umbo. Aliitupa.

Kwa mashine za mgongoni na jenereta ndogo za mitaani, zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, yeye huwa mkali zaidi. Lita moja kwa mililita 20 za oili ndicho kipimo cha nyingi kati yake. Mchanganyiko ukijitenga, oili hubaki juu na petroli, ile pombe yenye maji ikaenda kwenye pistoni bila kilainishi chochote. Hapo hakuna cha kuosha tena.

Marekani mwaka 2010 iliporuhusu ethanoli ya asilimia 15 kwa magari mapya, ilikataza isitiwe kwenye injini ndogo, na pampu hubandikwa onyo. Brazili imefika asilimia 30 tangu Agosti 2025, ila mashine za huko hutengenezwa zikijua kinachozijia. Nilimuuliza mzee atafanyaje hapa gasoholi ikirudi. Alijibu kama anayeandika orodha ya vipuri: mipira inayovumilia alkoholi kwanza, chujio mbili kwa kila mteja, kwa sababu mwezi wa kwanza pombe itabandua uchafu wote wa tangi, kisha jeti za saizi moja zaidi. Kijana alikuwa amekwisha kuvuta kamba na mashine ilikuwa ikinguruma, kwa hiyo ilimbidi apaze sauti.

"Bei ya kuosha kabureta sitapandisha," alisema. "Watakuja wengi."