Mafuta ya Alizeti Kando ya Barabara Kuu: Namna Mkamuaji Mdogo Anavyojitangaza

Katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mwanza, hasa kipande kinachopita Kibaigwa, Dodoma, Manyoni na Singida, mafuta ya alizeti hupangwa mezani katika chupa na madumu yanayopitisha mwanga, ili rangi yake ionekane na dereva kabla hajaifikia meza. Mbinu hii haidai pango la duka wala tangazo la redio, kwa kuwa wateja huletwa na barabara yenyewe, na sifa ya Singida, iliyokwisha kuenea nchini kwa alizeti, humnufaisha kila muuzaji bila yeye kuilipia.

Hata hivyo, jua linaloyang'arisha mafuta hayo ndilo linaloyaharibu. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kwa wingi, nayo hushambuliwa upesi na oksijeni. Badiliko hilo la kikemikali, liitwalo oksidisheni, huharakishwa na mwanga na joto, na mwisho wake ni harufu kali ambayo mnunuzi huigundua akiwa jikoni kwake, mbali na meza aliyonunulia. Inafaa basi chupa chache tu ziwekwe juani kama kielelezo, na mafuta ya kuuzwa yakae kivulini, chini ya turubai.

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi. Msafiri aliyeridhika na dumu lisilo na lebo hukumbuka mji, hamkumbuki mkamuaji, na hivyo jasho la mtu mmoja hupotelea katika sifa ya wote. Lebo yenye jina, tarehe ya kukamua na namba ya simu hulifanya dumu liendelee kutangaza kwa majuma kadhaa, hata agizo la pili likaja kwa simu, likalipwa kwa simu na kusafirishwa kwa basi. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) huongeza imani, na mjasiriamali mdogo huianzia safari SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, ambalo humpa barua ya utambulisho. Maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Kati, yafanyikayo Nzuguni jijini Dodoma kila Agosti, huja wakati mavuno yamekwisha na mafuta mapya yapo, kwa hiyo ndipo mahali pa kumwonesha mnunuzi lebo hiyo kwa mara ya kwanza.