Chuma na Susi kwenye karatasi ya grafu

Katika eneo la Misheni Katoliki, Bagamoyo, bado umesimama mnara wa kanisa la zamani ambamo mwili wa mpelelezi David Livingstone ulilazwa Februari 1874. James Chuma, Abdullah Susi na wenzao waliubeba kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, walikoondoka katikati ya Mei 1873. Kwa kusoma grafu ya mhamo na wakati, sijaona safari inayofundisha kuliko hiyo.

Weka siku kwenye mhimili mlalo. Kwenye mhimili wima weka mhamo kwa kilomita, ukiupima kwa mstari mnyoofu unaotoka Chitambo kwenda Bagamoyo. Safari inaishia kwenye siku ya 275 hivi, kilomita 1,150. Sasa unganisha mwanzo na mwisho kwa rula. Mwinamo wa mstari huo ndio kasi ya wastani yenye mwelekeo: 1,150 gawanya kwa 275, yaani kilomita 4 na kidogo kwa siku. Yaliyotokea katikati hayaingii kwenye hesabu hiyo hata kidogo.

Na katikati kulikuwa na mengi. Mapema kabisa ugonjwa uliwalaza karibu mwezi mzima. Hapo mchoro nao unalala. Kisha walipitia Tabora, mbali kaskazini mwa mstari wetu. Chitambo hadi Tabora ni kama kilomita 850, Tabora hadi Bagamoyo 700, hata kabla ya kuhesabu kona za njia. Kwa hiyo miguu yao ilikwenda kwa wastani si chini ya kilomita 5.6 kwa siku.

Kipande kinachonigusa zaidi ni cha Kasekera, mashariki ya Tabora, ambako wenyeji hawakutaka maiti ipite. Wasafiri walifunga mabua ya mtama mfano wa maiti, na watu sita wakayabeba kurudi upande wa Tabora kana kwamba wanakwenda kuzika. Mwili wenyewe ukafungwa upya kama mzigo wa nguo. Walipofika mbali, wale sita waliyatawanya mabua porini, wakarejea mmoja mmoja.

Mchoro wa wale sita unashuka, kisha unapanda hadi kimo kilekile. Mhamo wao ni sifuri, na kasi yao ya wastani yenye mwelekeo ni sifuri, ingawa walitembea kutwa. Ni mwendo huo wa sifuri uliowafungulia wenzao njia ya pwani.